Damu Haisahau: Historia ya Kumsaka Bakteria wa Tumbo

Mtayarishaji wenu nawaletea makala haya kutoka Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, mji ambao umekusanya watu wa kila taifa na pia, kama tutakavyoona, maradhi ya kila taifa. Leo tunazungumzia tumbo: namna wanadamu walivyohangaika kwa karne nzima kutafuta sababu ya tumbo kuvimba na kutoka vidonda, namna sababu hiyo ilivyopatikana, na namna ya kuipima. Jambo hili la kupima ndilo lililonifanya niandike, kwa kuwa mimi mwenyewe nilipimwa vibaya na nikameza dawa ambazo sikuzihitaji.

Hapa Dubai, upande wa Deira, karibu na Khor ambako mashua za abra huvusha watu usiku na mchana, kuna vichochoro ambamo Kiswahili husikika kwa lafudhi zote. Utamsikia mfanyabiashara wa Kariakoo akipatana bei ya vitambaa, kijana wa Nairobi aliyemaliza zamu yake ya ulinzi, mama wa Kampala anayefunga mizigo ya kwenda nyumbani, na mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja ambaye hata leo huota ndoto zake kwa Kiswahili. Watu hawa wana jambo moja wanalofanana. Ukikaa nao mkahawani, haupiti muda mrefu kabla mmoja wao hajaweka mkono juu ya tumbo, chini kidogo ya kifua, na kusema: "Vidonda vyangu vimeamka."

Mwingine atamjibu kwamba ni mawazo. Wa tatu atasema ni pilipili ya biriani. Wa nne atamlaumu kwa kuchelewa kula. Kisha zitatolewa dawa: maziwa baridi, asali, maji ya bamia, juisi ya kabichi, au kijiko cha magadi katika glasi ya maji. Wasikilizaji wapenzi, msiwacheke watu hawa. Kwa muda mrefu wa karne ya 20, madaktari bingwa wa Ulaya na Marekani walikuwa wakisema karibu maneno hayo hayo.

Kabla ya kwenda mbali, natoa kisa changu. Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Ramadhani, nilishikwa na maumivu ya tumbo na kiungulia kilichoninyima usingizi. Nilikwenda katika zahanati moja ya mjini. Nilidungwa kidole, tone la damu likawekwa juu ya kijikaratasi, na baada ya dakika chache nikaambiwa kwamba nina bakteria wa tumbo. Nilipewa dawa za siku 14, aina tatu kwa pamoja. Nilizimeza zote, ingawa ziliacha ladha ya chuma mdomoni. Nilipata nafuu kidogo, lakini baada ya miezi kadhaa maumivu yalirejea. Nikarudi pale pale, nikadungwa kidole kile kile, jibu likawa lile lile, na dawa zile zile nikapewa mara ya pili. Nilianza kuamini kwamba nina maradhi yasiyotibika. Mwisho wa kisa hiki nitauleta baadaye, kwani hautaeleweka bila historia.

Tuanze na hapa hapa Ghuba. Kabla ya mwaka 1951, ilipoanzishwa Hospitali ya Al Maktoum, Dubai haikuwa na hospitali ya kisasa. Huo ulikuwa mji wa wavuvi, wapiga mbizi wa lulu na manahodha waliosafiri na pepo za kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, wakipeleka tende na kurejea na boriti za mikoko. Aliyeumwa na tumbo alitibiwa kwa mitishamba au kwa kuchomwa ngozi na chuma cha moto, tiba ya kale ya Waarabu ambayo wazee wa huku bado wanaikumbuka, na wengine alama zake wanazo miilini. Pwani ya Afrika Mashariki nako kulikuwa na waganga wake na mizizi yake. Kote kuwili, aliyeumwa alitibiwa kile alichokihisi. Sababu yake haikujulikana.

Huko Ulaya, wenye hadubini walikuwa wamekwisha kuanza kuiona sababu hiyo bila ya kuitambua. Mwaka 1893, mwanasayansi wa Kitaliano Giulio Bizzozero, wa mji wa Turin, alieleza kwamba ameona viumbe vidogo vilivyojisokota kama parafujo ndani ya matumbo ya mbwa. Mwaka 1899, tabibu wa Kipolandi Walery Jaworski, wa mji wa Kraków, aliandika kuhusu viumbe kama hivyo katika maji aliyoyatoa matumboni mwa wagonjwa wake, na akadokeza kwamba huenda vina uhusiano na maradhi ya tumbo. Maandishi yake yalikuwa kwa Kipolandi, na wachache sana waliyasoma nje ya nchi hiyo.

Mwaka 1910, daktari Karl Schwarz alitoa kauli iliyotawala fikra za madaktari kwa miongo mingi: pasipo tindikali hapana kidonda. Maana yake ni kwamba tumbo linajiunguza lenyewe kwa tindikali yake, na kazi ya daktari ni kuipunguza tindikali hiyo. Kauli hiyo haikuwa ya uongo, maana tindikali kweli hukichimba kidonda. Kosa lilikuwa kuikomea hapo, bila ya kuuliza ni kitu gani kwanza kimeudhoofisha utando unaolilinda tumbo. Basi wagonjwa waliamrishwa kunywa maziwa, kupumzika, kuacha pilipili na kupunguza hasira. Waliozidiwa walipasuliwa, wakakatwa sehemu ya tumbo au mishipa ya fahamu inayoliamrisha tumbo kutoa tindikali.

Kila mara ushahidi ulipojitokeza, ulipotea tena. Mwaka 1924, Luck na Seth, watafiti wa Cambridge nchini Uingereza, waligundua kwamba tumboni mna kimeng'enya kiitwacho yurea-si, kinachoivunja yurea na kutoa amonia. Walidhani kinatengenezwa na tumbo lenyewe. Mwaka 1940, mjini Boston nchini Marekani, Freedberg na Barron walichunguza matumbo yaliyokatwa kwa upasuaji na kukuta bakteria waliojisokota katika zaidi ya theluthi moja ya matumbo hayo. Kisha, mwaka 1954, daktari wa Kimarekani Eddy Palmer alichunguza vipande 1,180 vya nyama ya tumbo na akatangaza kwamba hakuona bakteria hata mmoja. Alikuwa ametumia rangi ya kawaida ya maabara, ambayo haiwaonyeshi vizuri bakteria hao, badala ya rangi yenye madini ya fedha. Hata hivyo neno lake lilipokewa kama hukumu ya mwisho. Kwa takriban miaka 25 iliyofuata, ilifundishwa kwamba tumbo ni mahali pasipoweza kuishi kiumbe, kwa ukali wa tindikali yake.

Wasikilizaji wapenzi, kuna mtu mmoja katika historia hii ambaye jina lake halitajwi sana: John Lykoudis, daktari wa kawaida katika mji mdogo wa Missolonghi nchini Ugiriki. Mwaka 1958 aliugua tumbo, akameza dawa za kuua bakteria, na akaona kwamba hata kidonda chake cha zamani kimetulia. Tangu hapo alianza kuwatibu wagonjwa wa vidonda vya tumbo kwa mchanganyiko wa dawa hizo, na maelfu walimwendea. Wakubwa wa tiba nchini mwake hawakumwamini. Mwaka 1968 alitozwa faini ya drakma 4,000. Alifariki dunia mwaka 1980, kabla dunia haijamkubalia. Lykoudis alikuwa na tiba, lakini hakuwa na kipimo. Hakuweza kumwonyesha mtu yeyote ni kitu gani hasa alichokuwa akikiua. Tofauti hiyo ndiyo iliyomshinda.

Wakati huo huo, Afrika nayo ilikuwa ikichorwa ramani. Madaktari wa upasuaji waliofanya kazi katika hospitali za misheni na za serikali walikuwa wametambua kwamba vidonda vya mwanzo wa utumbo mwembamba havienei sawasawa. Mwaka 1975, Frank Tovey na Michael Tunstall walichapisha uchunguzi wao kuhusu Afrika kusini mwa Sahara. Miongoni mwa maeneo waliyoyataja kuwa na vidonda vingi ni nyanda za juu za Ethiopia na mgawanyiko wa maji ya mito ya Naili na Kongo, yaani Rwanda, Burundi na sehemu za jirani. Wao walitafuta sababu katika chakula kikuu cha kila eneo: huku mtama na ulezi, kule mihogo na viazi. Ramani yao ilichorwa kwa uangalifu mkubwa, lakini ilichorwa kabla ya bakteria kujulikana, kwa hiyo kipande kimoja cha fumbo kilikosekana.

Mwaka uliofuata, 1976, iliingia sokoni huko Uingereza dawa ya cimetidine, iliyopunguza tindikali kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Mmoja wa waliochangia kuivumbua, James Black, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Wagonjwa wengi walipata raha waliyoikosa kwa miaka. Lakini dawa hiyo ilituliza, haikung'oa. Aliyeiacha, mara nyingi kidonda kilimrudia, na kwa sababu hiyo watu waliimeza mwaka baada ya mwaka.

Sasa twende Perth, mji wa magharibi mwa Australia. Mwezi Juni mwaka 1979, katika Hospitali ya Royal Perth, mtaalamu wa kuchunguza nyama za mwili aitwaye Robin Warren aliona katika kipande cha tumbo la mgonjwa mmoja mstari wa rangi ya samawati juu ya utando. Alikuza zaidi, akatumia rangi ya fedha, na akaona bakteria wengi. Tangu siku hiyo alianza kuwatafuta, na akagundua kwamba kila walipokuwapo, utando wa tumbo pia ulikuwa umevimba. Wenzake wengi walimwona kama mtu aliyeshikwa na wazimu wa jambo moja.

Mwaka 1981 alijiunga naye daktari kijana, Barry Marshall, aliyekuwa katika mafunzo. Mwaka 1982 walichunguza wagonjwa 100 waliopitishwa mpira wa kuchungulia tumbo. Bakteria walikutwa katika wengi waliokuwa na uvimbe wa tumbo, na katika wagonjwa wote 13 waliokuwa na kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba. Hata hivyo, kila walipojaribu kuwaotesha bakteria hao maabarani walishindwa. Sahani za wagonjwa zaidi ya 30 zilitupwa baada ya siku mbili, kama ilivyo desturi ya maabara, kwa kuwa hakuna kilichoota. Kisha ikaja sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982. Maabara ilikuwa na kazi nyingi, na sahani zilisahauliwa ndani ya kitotoleo kwa muda wa siku tano. Waliporudi walikuta bakteria wameota. Kumbe bakteria huyu ni mwendo wa kobe: anahitaji siku zaidi ya zile alizokuwa akipewa.

Barua zao mbili zilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1983, na makala yao kamili mwaka 1984. Bado wengi walipinga. Walisema kwamba huenda bakteria huja baada ya kidonda, kama nzi anayefuata mzoga, wala si yeye aliyeua. Pingamizi hiyo ilikuwa ya haki. Ili kuthibitisha kwamba kijidudu ndicho chanzo cha ugonjwa, sayansi hutaka kitiwe katika kiumbe kizima, na kiumbe hicho kiugue. Marshall alijaribu kwa wanyama, hakufaulu. Ndipo mwaka 1984 alipochukua uamuzi ambao hakuna kamati ya maadili ambayo ingeupitisha. Alipimwa tumbo lake kwanza likaonekana zima, kisha akanywa kikombe cha mchuzi wenye bakteria waliotoka kwa mgonjwa. Hata mkewe hakumwambia mapema.

Siku chache baadaye alianza kutapika asubuhi, na pumzi yake ikatoa harufu mbaya. Siku ya 10 alichunguzwa tena kwa mpira, na tumbo lake lilikutwa limevimba na bakteria wamejaa juu ya utando. Kisha akatumia dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1985. Ni muhimu kufahamu kwamba Marshall hakupata kidonda. Alichothibitisha kwa mwili wake ni kwamba bakteria huyu huleta uvimbe wa tumbo kwa mtu aliyekuwa mzima. Kiungo kati ya bakteria na kidonda kilithibitishwa na tafiti za baadaye, zilizoonyesha kwamba bakteria akiuawa, kidonda hakirudi kwa wagonjwa walio wengi.

Mwaka 1989 bakteria huyo alipewa jina analojulikana nalo hadi leo, Helicobacter pylori. Mwaka 1994, mkutano wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani uliamua kwamba wenye vidonda walioambukizwa watibiwe kwa dawa za kuua bakteria. Mwaka huo huo, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, lilimweka bakteria huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Na mwaka 2005, Warren na Marshall walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Warren alifariki dunia mwezi Julai mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 87.

Wasikilizaji wapenzi, sasa tunafika kwenye kiini cha makala yetu: je, bakteria huyu anapimwaje?

Jibu linatokana na siri ya maisha yake. Anawezaje kuishi ndani ya tindikali? Anaweza kwa sababu anatengeneza kwa wingi kile kimeng'enya kilichoonwa na Luck na Seth mwaka 1924. Kimeng'enya hicho huivunja yurea, na amonia inayotoka huizimua tindikali, hivyo bakteria akajizungushia wingu la usalama. Alama ya kuwapo kwake ilikuwa imeandikwa vitabuni miaka 60 kabla, lakini ilihesabiwa kuwa ni kazi ya tumbo.

Kipimo cha kwanza kilichotokana na siri hiyo ni rahisi. Daktari anayechungulia tumbo kwa mpira hukata kipande kidogo cha utando na kukitia katika utomvu wenye yurea na rangi. Bakteria akiwapo, amonia hugeuza rangi kutoka manjano kuwa nyekundu. Kipimo cha pili ni cha pumzi, kilichoelezwa na watafiti mbalimbali mwaka 1987. Mgonjwa hunywa yurea yenye kaboni iliyotiwa alama. Bakteria akiwapo tumboni, yurea huvunjwa, na hewa ya ukaa yenye alama hiyo huingia katika damu, hufika mapafuni, na hutoka na pumzi. Mgonjwa hupuliza ndani ya mfuko mdogo kabla ya kunywa, na hupuliza tena baada ya nusu saa hivi. Kipimo cha tatu ni cha choo, ambacho hutafuta chembe za bakteria mwenyewe. Vipimo hivi vyote vinajibu swali moja: je, bakteria yumo tumboni leo?

Kipimo cha damu kinajibu swali jingine. Chenyewe hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaandaa ulipovamiwa. Askari hao hawaondoki adui anapokufa. Huweza kubakia katika damu kwa miezi mingi, hata miaka. Kwa hiyo kipimo cha damu kinaweza kusema kwamba bakteria aliwahi kupita, lakini hakiwezi kusema kama bado yumo, wala hakifai kabisa kutumiwa kujua kama dawa zimefanya kazi. Miongozo ya kitaalamu ya kimataifa inaeleza hivyo kwa uwazi.

Nafikiri mmekwisha kuufahamu mwisho wa kisa changu. Baada ya tiba ya pili, rafiki alinipeleka kwa daktari mmoja, mama wa makamo mzaliwa wa Mombasa. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, akauliza nilipimwa kwa njia gani, kisha akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu," aliniambia, "damu haisahau. Wamekupima kumbukumbu, hawakukupima ugonjwa."

"Sasa Bi Daktari, nifanye nini?" nilimuuliza.

"Subiri. Wiki nne tangu umalize dawa za bakteria, na wiki mbili bila dawa kali za kupunguza tindikali. Halafu uje hujala kitu, upulize."

Nilisubiri, nikaja, nikapuliza. Hapakuwa na bakteria. Inawezekana aliuawa na tiba ya kwanza, na tiba ya pili ilikuwa bure. Ndipo Bi Daktari akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: ni dawa gani nyingine ninazomeza? Nilikuwa nikimeza vidonge vya maumivu ya mgongo karibu kila siku, kwa ajili ya kukaa muda mrefu mbele ya kompyuta ya studio. Dawa za jamii hiyo, kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ni sababu nyingine kubwa ya uvimbe na vidonda vya tumbo. Niliziacha, na tumbo langu likatulia. Sina haja ya kuitaja zahanati ile, kwa maana kosa kama lake hufanywa mahali pengi.

Na hapa ndipo historia hii inapotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kufikia mwaka 2015 watu wapatao bilioni 4.4 duniani walikuwa na bakteria huyu, na kwamba barani Afrika ni takriban watu 7 katika kila 10. Wengi wetu humpata utotoni, ndani ya nyumba, hasa penye msongamano na uhaba wa maji safi. Tunasafiri naye. Hapa katika Falme za Kiarabu, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu wafanyakazi wa kipato cha chini ulikuta kwamba wengi wao wameambukizwa. Mfanyakazi anapoanza kuumwa tumbo kambini, si lazima awe ameupata ugonjwa Dubai. Pengine alikuja nao tangu alipokuwa akinyonya.

Safari hiyo ni ya kale mno. Mwaka 2007, wanasayansi waliolinganisha vinasaba vya bakteria hawa kutoka sehemu mbalimbali za dunia walikadiria kwamba walitoka Afrika Mashariki pamoja na wanadamu yapata miaka 58,000 iliyopita. Katika tumbo la maiti aliyehifadhiwa na barafu kwa miaka 5,300, aliyeokotwa katika milima ya Alps mwaka 1991, watafiti walimkuta bakteria huyo huyo, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 2016. Kabla ya merikebu na kabla ya jahazi, huyu alikuwa abiria wetu.

Basi je, wote wenye bakteria watibiwe? Mwaka 1992, daktari Holcombe aliandika kuhusu kile alichokiita fumbo la Afrika: maambukizi ni mengi, lakini saratani ya tumbo ilionekana kuwa chache kuliko ilivyotarajiwa. Fumbo hilo limejadiliwa sana. Wengine wamesema kwamba saratani ilionekana chache kwa sababu mipira ya kuchungulia tumbo ilikuwa michache, na asiyepimwa hahesabiwi. Lililo wazi ni kwamba kila aliyeambukizwa huwa na uvimbe wa kiasi fulani, lakini wengi hawahisi chochote maisha yao yote, na wachache ndio hupata vidonda au saratani. Mtu mzima asiyeumwa ambaye damu yake inaonyesha kingamwili anaweza kuwa hana lolote la kutibiwa.

Kutibu bila kupima vizuri kuna gharama. Mwaka 2017, WHO ilimweka Helicobacter pylori aliye sugu kwa dawa ya klarithromaisini katika orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, mjini Mwanza, nao wamechapisha matokeo yanayoonyesha kwamba usugu huo ni mkubwa miongoni mwa wagonjwa wa tumbo waliowachunguza. Kila dozi inayomezwa bila sababu, na kila dozi inayoachwa nusu, humfundisha bakteria namna ya kuishinda dawa. Atakayelipa ni mgonjwa anayekuja nyuma yetu, mwenye kidonda cha kweli.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiambiwa kwamba una bakteria wa tumbo, uliza kwa adabu lakini uliza: nimepimwa kwa njia gani? Je, ni damu, choo, pumzi au mpira? Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hata zile ulizonunua mwenyewe dukani. Ukipewa dawa za bakteria, zimalize, na baada ya wiki nne urudi upimwe kwa pumzi au choo. Na ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukipungua uzito bila sababu au ukipata taabu kumeza chakula, usikae mkahawani kusubiri ushauri wa maziwa na bamia. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jaworski aliona akaandika, hakusomwa. Palmer alitumia rangi isiyofaa, akaaminiwa. Lykoudis aliponya, akatozwa faini. Warren na Marshall walifika kwa sababu walishikilia kuonyesha, sio kusema tu. Hapa Deira, jana jioni tu, nilimsikia tena kijana mmoja akiambiwa na wenzake kwamba vidonda vyake ni mawazo ya nyumbani. Nilimsogelea, tukasalimiana, nikamuuliza kama amewahi kupimwa. Akajibu kwamba amepimwa damu mara tatu.

Nilimwandikia kwenye karatasi maneno matatu: kipimo cha pumzi. Aliikunja akaitia mfukoni.